Guangzhou kwa Miguu, Mwili Ukigoma

Barua nyingi za msimu huu zimetoka kwa wafanyabiashara wa Lamu na Malindi wanaojiandaa kwa Maonyesho ya Canton, yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu akiugua huko ugenini, siku zenyewe chache na tiketi ya kurudi imeshakatwa, atembee au alale? Majibu yametolewa na jopo letu la afya na safari.

*Assalamu alaykum. Nauza vitambaa na mabuibui hapa Langoni. Safari iliyopita tumbo liliniendesha tangu siku ya pili, nikajifungia chumbani mtaa wa Xiaobei mpaka siku ya kuondoka. Msikiti wa Huaisheng sikuuona, kisiwa cha Shamian sikukiona. Yakinipata tena, naweza kutoka? Na nitembee vipi?*
*— Mama wa Langoni, Lamu*

Wa alaykum salaam, mama yetu. Kutoka unaweza, lakini kila asubuhi ujipime kwanza kabla ya kuvaa viatu. Angalia mambo matatu. Joto la mwili: likifika nyuzi 38 husogei, soma jibu la barua inayofuata. Choo: kikiwa na damu au makamasi, ni hospitali. Mkojo: ukiwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, maji yamekupungukia, na siku hiyo kazi yako ni kunywa, si kutembea. Yote matatu yakiwa salama, toka.

Maji ndiyo dawa yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya kwetu iliyoandikwa lita moja huchanganywa na lita moja kamili. Chupa ya maji ya dukani China kwa kawaida ni mililita 550. Ukimimina pakiti nzima ndani ya chupa hiyo unapata maji makali mno ambayo huvuta maji kutoka mwilini kuingia utumbo, na tumbo linazidi kuendesha. Tumia chupa mbili, uzichanganye kwenye chombo kimoja. Pakiti ya Kichina, 口服补液盐 (koufu buyeyan), ile iliyoandikwa III, kwa kawaida ina gramu 5.125 na ni ya mililita 250 tu. Hiyo nayo ukiitia kwenye lita nzima inakuwa maji matupu. Soma kipimo kilichoandikwa, usikisie. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Kunywa mililita 200 hadi 400 kila baada ya kwenda chooni, kwa mafunda madogo. Maji ya bomba usiyanywe mabichi. Hoteli zina birika la umeme, na stesheni za reli na viwanja vya ndege vina mabomba ya maji ya moto ya kunywa bila malipo.

Dawa ya kuzuia tumbo, loperamide, ni ya kukuvusha saa chache za njiani. Meza vidonge 2 vya miligramu 2, kisha kimoja kila unapoharisha tena, visizidi 4 kwa siku. Ukiwa na homa au damu usiiguse kabisa, maana unafungia uchafu ndani.

Sasa njia. Watu hupanga matembezi kwa kilomita. Mwenye tumbo bovu apange kwa vyoo na viti. Vituo vya metro vina vyoo, basi njia yako ifuate laini moja ya metro, usiwahi kuwa mbali na kituo. Karatasi ya chooni beba yako, vyoo vingi vya umma havina, na vingi ni vya kuchuchumaa. Maji ya kutawadhia na kustanjia pia usiyategemee, weka chupa tupu kwenye mkoba uijaze kwenye sinki.

Kutoka Xiaobei kwenda Msikiti wa Huaisheng kwa metro unapanda Laini ya 5 kituo kimoja hadi stesheni kuu ya reli, Laini ya 2 vituo vitatu hadi Gongyuanqian, kisha Laini ya 1 kituo kimoja hadi Ximenkou. Nauli ni ndogo, huanzia yuan 2, lakini unabadili laini mara mbili, na kila badiliko lina ngazi, korido ndefu na msongamano. Kwa mtu dhaifu sisi tunasema chukua teksi kwenda, uhifadhi nguvu. Msikiti ni miongoni mwa ile mikongwe kabisa ya China, na mnara wake mweupe wa Guangta, wa mita 36 hivi, unauona vizuri ukiwa umekaa. Pumzika hapo nusu saa. Kisha nenda kwa miguu hadi kituo cha Ximenkou, si mbali, upande Laini ya 1 vituo vitatu moja kwa moja hadi Huangsha. Ukitoka unavuka barabara kwa daraja la waenda kwa miguu na umeingia Shamian.

Shamian ndiyo sehemu ya Guangzhou inayomfaa mgonjwa kuliko zote. Ni tambarare, urefu wake haufiki hata kilomita moja, magari ni machache, mibaniani mikubwa imeifunika kwa kivuli na viti viko kila mahali kati ya majumba ya Waingereza na Wafaransa ya karne ya 19. Unaweza kukaa pale alasiri nzima bila kuona umepoteza siku. Barabara ya Beijing, ile ya maduka, iache: inachosha hata mzima.

Kula uji mweupe wa mchele, bai zhou (白粥), uliza kama ni mtupu, maana aina nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Fahamu kwamba katika orodha ya vyakula neno rou (肉) likikaa peke yake, mara nyingi ni nguruwe. Alama ya halali ni 清真. Mikahawa ya tambi za Lanzhou yenye alama hiyo imetapakaa mjini. Agiza supu yenye tambi, uwaambie bila pilipili, bu yao la (不要辣).

*Nikishikwa na homa kule, niende duka la dawa au hospitali? Mjomba wangu alipewa dawa za mafua siku nne mfululizo, aliporudi Malindi akakutwa na malaria.*
*— Mfanyabiashara, Maweni, Malindi*

Hospitali, ndugu yetu, na siku ile ile. Jambo hili tunaliandika kwa uzito wote kwa sababu linaua watu ambao wangepona kwa dawa ya siku tatu.

China ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa nchi isiyo na malaria tarehe 30 Juni 2021. Ni sifa kubwa kwao, na ndiyo hatari kwako. Daktari kijana wa Guangzhou anaweza kumaliza masomo yake bila kumwona mgonjwa wa malaria hata mmoja. Mtu akija na homa, kichwa na maumivu ya viungo, atafikiria mafua kwanza. Wewe ulitoka Pwani wiki iliyopita, na malaria kali kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Maana yake uliipanda ndege ukiwa nayo, mzima kabisa. Basi usingoje uulizwe. Andika maneno haya kwenye karatasi sasa hivi ukiwa Malindi, uyatie ndani ya pasipoti: 我来自肯尼亚，请查疟疾. Yanasema umetoka Kenya na unaomba upimwe malaria. Kuyatamka: Wo lai zi Kenniya, qing cha nüeji.

Utaratibu wao ni huu. Nenda hospitali kubwa ya umma ukiwa na pasipoti. Mwenye homa haingii mlango wa kawaida, anaelekezwa kliniki ya homa, 发热门诊 (fare menzhen). Usiku au hali ikiwa mbaya ni 急诊 (jizhen), yaani dharura. Kwanza unajiandikisha, guahao (挂号), ulipie namba yako. Unamwona daktari, anakuandikia vipimo. Unalipa kwanza, ndipo unatolewa damu. Majibu mara nyingi huchapwa na mashine ukiweka karatasi yako yenye msimbo. Unayarudisha kwa daktari, anaandika dawa, unalipa tena, unazichukua dirishani. Wageni wengi hukwama katikati, wakakaa kwenye kiti kungoja kuitwa, kumbe hawajalipia kipimo. Ukiona dakika 20 zimepita hakuna kinachoendelea, onyesha karatasi yako kaunta yoyote. Ukilazwa utatakiwa kuweka amana kabla ya kupewa kitanda, kwa hiyo bima ya safari iwe na namba ya simu ya saa 24. Gari la wagonjwa ni 120.

Damu ikionyesha malaria, usishtuke wakianza kukuhoji sana. Sheria yao inataka kila mgonjwa aripotiwe ndani ya siku 1, achunguzwe ndani ya siku 3, na hatua zichukuliwe ndani ya siku 7. Hawakushtaki, wanalinda sifa yao. Na dawa watakayokupa ni ile ile ya zahanati za kwetu: artemisinin iligunduliwa huko huko China, na Tu Youyou akapata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015.

Kuna homa nyingine mbili za kukumbuka. Dengi huja Guangdong, mkoa ulio na Guangzhou, wakati wa joto na mvua, na mwaka 2014 mlipuko wake ulikuwa mkubwa mno. Chikungunya ililipuka Foshan, jirani na Guangzhou, mwaka 2025. Watu wa Lamu wanaijua hiyo tangu 2004, ilipowalaza wengi wa kisiwani. Kwa sababu ya dengi, homa yoyote ambayo haijapimwa itulizwe kwa paracetamol peke yake. Diclofenac, ibuprofen na aspirini ziache, huongeza hatari ya kutoka damu.

Siku ya homa usitembee mjini. Hata kwenda tu kuona maonyesho Pazhou, hapana. Joto la mwili likiwa juu na nje kuna nyuzi 33 zenye unyevu, mwili hauna pa kutolea moto wake. Msidhani joto la Malindi limewazoesha. Malindi ina upepo wa bahari, na Guangzhou ni majengo na lami, halafu unatoka humo ukiwa umelowa jasho unaingia dukani penye kiyoyozi cha nyuzi 20.

*Nimesikia dawa za Kichina za tumbo na mafua zinafanya kazi haraka. Naweza kuzichanganya na zangu nilizotoka nazo?*
*— Msomaji wa Mambrui*

Nyingine ndiyo, nyingine zina mtego. Dawa ya tumbo na joto inayouzwa kila mahali ni Huoxiang Zhengqi. Ile iliyoandikwa 水 (shui) mwishoni ina pombe, na si kidogo. Mbali na hukumu yake kwa Mwislamu, ukiwa unatumia Flagyl (metronidazole) pombe hiyo inaweza kukuletea kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Wengi wa Pwani husafiri na Flagyl mfukoni, kwa hiyo angalieni. Iliyoandikwa 口服液 (koufuye) haina pombe. Unga wa mengtuoshi san (蒙脱石散) ni mzuri na salama, pakiti ya gramu 3 ndani ya mililita 50 za maji mara tatu kwa siku, lakini hunyonya dawa nyingine tumboni, basi uache saa mbili kati yake na vidonge vyako.

Upande wa mafua, chembechembe za 999 Ganmaoling zinaonekana kama mitishamba mitupu, kumbe ndani mna paracetamol na dawa ya kulewesha usingizi. Ukiongeza Panadol juu yake unazidisha kipimo bila kujua. Tafuta maandishi 对乙酰氨基酚 kwenye boksi: hiyo ndiyo paracetamol. Jumla ya siku nzima kwa mtu mzima isizidi gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kutoka chanzo chochote. Na usizunguke barabarani ukiwa umesinzia.

*Baba yangu ana miaka 67, ana kisukari na anajidunga insulini usiku. Anataka tufuatane Guangzhou. Ataweza kutembea?*
*— Kijana wa Kisumu Ndogo, Malindi*

Ataweza, mwanetu, ukitangulia kupanga vitu vitatu: saa, miguu na sukari ya mfukoni.

China iko mbele yetu kwa saa 5. Sindano ya saa tatu usiku Malindi inaangukia saa nane usiku Guangzhou, wakati baba amelala. Nendeni kliniki yake angalau wiki mbili kabla, mwandikiwe jinsi ya kuisogeza, maana ukielekea mashariki siku inafupika na sindano mbili zinaweza kukaribiana. Insulini yote iwe kwenye begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Kule chini kwenye mizigo huganda, na iliyoganda imeharibika hata ikionekana safi. Kalamu iliyofunguliwa kwa kawaida hudumu siku 28 penye joto lisilozidi nyuzi 30, hivyo asiibebe mfuko wa shati mchana kutwa.

Miguu ndiyo huwarudisha wenye kisukari nyumbani na kidonda. Viatu viwe vilivyokwisha kuvaliwa angalau wiki mbili, vimefunga vidole, si malapa. Soksi za pamba, zibadilishwe adhuhuri. Kila usiku kagua wewe mwenyewe nyayo na katikati ya vidole chini ya taa, kwa sababu baba huenda hasikii maumivu. Ukiona lengelenge, usilipasue, lifunike, na kesho yake hatembei.

Kutembea kunashusha sukari, mara nyingine saa kadhaa baadaye usiku. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi au akianza kusema mambo yasiyoeleweka, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, ngojeni dakika 15, mpime tena. Soda isiyo na sukari haisaidii, na kule zimejaa, kwa hiyo tafuta 无糖 kwenye chupa: ukiyaona maneno hayo, siyo. Matembezi yawe dakika 40 kisha kikao, mara mbili kwa siku inatosha. Bustani ya Yuexiu ina vilima na ngazi, akae sehemu ya chini kando ya maji.

*Nimezaliwa na kukulia Shela, barabara za magari siziwezi hata nikiwa mzima. Nikiwa na kizunguzungu itakuwaje?*
*— Msomaji, Shela, Lamu*

Kizunguzungu na barabara za Guangzhou havikai pamoja, kwa hiyo ukiwa nacho vuka kwa madaraja au njia za chini tu. China magari hukaa kulia, basi gari la kwanza linakutokea kushoto. Angalia kushoto kwanza, kinyume cha Mombasa. Gari linalopinda kulia linaweza kupita hata taa yako ikiwa kijani. Pikipiki za umeme hazina mlio na hupanda mpaka njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo usibadili upande ghafla, na usivae vipokea sauti vya masikioni.

Kituo cha metro kina milango ya kutokea yenye herufi, A, B, C na kuendelea. Ukikosea mlango unaweza kujikuta ng'ambo ya barabara ya njia nane, ukalazimika kushuka na kupanda ngazi upya. Soma ramani ya ukutani kabla ya kupita geti. Wengi wanaodai wamechoshwa na mji wamechoshwa na milango hii.

*Miraa ninayokula kila siku naweza kubeba kidogo?*
*— Mokowe*

Hata jani moja usibebe. Miraa ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku China, na kesi yake si ya mchezo. Kama ni mtumiaji wa kila siku, anza kupunguza wiki mbili kabla. Ukiiacha ghafla, siku za mwanzo huja usingizi mzito, uchovu na kukosa raha, na utadhani unaumwa ugonjwa mwingine. Dawa za kikohozi zenye codeine na vidonge vya tramadol navyo viache nyumbani, ila vile ulivyoandikiwa na daktari, vikiwa na barua.

*Simu yangu niiandae vipi ili nikiugua isinitupe?*
*— Msomaji wa Watamu*

WhatsApp na Google hazifunguki kwa intaneti ya kule. Laini yako ya nyumbani ikiwashwa roaming huzifungua, kwa hiyo iache ndani ya simu hata ukinunua ya Kichina. Kwa ramani tumia Amap, ile ya Google huonyesha mahali pembeni ya mahali penyewe. Unganisha kadi yako ya Visa na Alipay, programu ya malipo ya Kichina, ukiwa bado Kenya, maana uthibitisho wa pasipoti huweza kuchelewa. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa kadi ya kigeni hukatwa ada ya asilimia 3. Teksi pia unaiita humo humo kupitia Didi.

Hata hivyo beba yuan 500 taslimu kwa noti ndogo, na kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina. Kwenye karatasi nyuma ya pasipoti andika kwa kalamu: kundi lako la damu, dawa unazotumia kwa majina yake ya kitabibu, dawa zinazokudhuru, na namba mbili za nyumbani zikianza na +254. Mwombe kijana wa mapokezi hotelini akutafsirie karatasi hiyo siku ya kwanza, ukiwa mzima.